Ombi la Kumzuia Ilyaas Asionekane Akiwa Hai Albert Park

Durban, Agosti 1998

Kwa Papa Anatole,
Mwenyekiti wa Kamati ya Kuwachangia Wapanda Farasi Walioumia

Papa Mwenyekiti,

Naandika kwa heshima, kwa sababu nikisimama mbele yako sauti inanipotea, na jambo hili haliwezi kusubiri mpaka irudi. Tangu nimalize shule mwaka jana nimejitolea katika kamati yako kwa moyo wote. Leo nina malalamiko juu ya Ilyaas, mpanda farasi aliyeanguka mbioni akaumia goti, ambaye ndiye tunayemchangia. Malalamiko yenyewe ni kwamba yuko hai mno. Kwa kuwa ulikuwa Johannesburg mambo yalipotokea, naomba nieleze kwa utaratibu.

1. Ulinipa kopo na picha ya Ilyaas, ukanituma kwenye lango la Greyville siku ya mbio. Nilitikisa kopo, lakini kwa adabu, kwa hiyo hakuna aliyesikia. Mzee mmoja tu alisimama, akanionyesha tiketi ya dau aliyoichana: "Sister, aliyeumia leo ni mimi." Nikampa pole. Nikaona ni heri niweke meza chini ya jengo letu, mahali ambapo watu hupita wenyewe bila kuitwa. Meza ilikuwa na madoa, nikaifunika kwa kitambaa cheupe. Picha ilikuwa inaangushwa na upepo, nikaiegemeza kwenye maua ya plastiki ya saluni ya mama. Kopo nikaliacha, nikaweka beseni.

Papa, wewe ni mtu wa Bukavu. Picha, kitambaa cheupe, maua na beseni mezani, unajua kwetu Kongo ni meza ya msiba. Mimi niliwaza usafi tu.

2. Aliyepita kwanza ni Mama Colette wa ghorofa ya pili. Alitazama picha, akavua viatu. "Yesu wangu! Kijana hivi! Iko na bibi? Iko na watoto?" Nilitikisa kichwa, maana kweli hana. Hapo akapiga yowe, na jengo zima likashuka. Kufikia jioni kulikuwa na mikeka, jiko la makaa, sufuria ya maharage na kwaya ya kanisa, ingawa Ilyaas ni Mwislamu. Nilitaka kusahihisha, lakini mtu mwenye aibu hawezi kukatiza kwaya. Tena beseni lilikuwa linajaa, na daktari amesema goti lisipoanza mazoezi kliniki Jumatatu hii inayokuja litakakamaa, na Ilyaas hatapanda farasi tena. Nikaona afadhali afe kidogo, apone.

3. Jumamosi iliyopita marehemu alikuja. Hakutoa taarifa. Alikuja kwa magongo kutushukuru sisi tuliojitolea, akakuta watu wanalia. Maua yalikuwa yameficha picha. Akainamisha kichwa, akampa Mama Colette mkono, akasema "Poleni sana jamani" kwa Kiswahili alichofundishwa na nyanya yake, akatia mchango wake kwenye beseni, akakaa mkekani. Walimpa maharage. Akala, akaomba tena. Nauliza kwa heshima: ni marehemu gani anayeongeza sahani?

4. Aliposhiba aliuliza aliyefariki ni nani. Papa Jacques, kinyozi aliyekuwa ananyoa kando, akaondoa maua amwonyeshe picha. Akaitazama picha, akamtazama mgeni, akakimbia na mashine ya kunyolea mkononi. Mteja wake mpaka leo ana nywele upande mmoja. Mama Colette hakukimbia. Alimbonyeza Ilyaas shavu, na alipoona lina joto akakasirika. "Na machozi yangu nani atanirudishia?" Ilyaas akacheka. Ana meno mazuri sana, jambo ambalo halikusaidia.

5. Sasa wamama wamekata shauri kwamba pesa ya matanga hailiwi na mtu aliyeliliwa naye bado anatembea, kwa kuwa ni kukiita kifo. Beseni limefunikwa, hakuna anayeligusa, na Jumatatu inakuja.

6. Ilyaas alipokuwa anaondoka aliniuliza jina langu. Halikutoka. Akaniaga kama vijana wa hapa, "Sharp, dada usiye na jina," akaenda zake. Hili si kosa kubwa, lakini naomba liandikwe.

Kwa hiyo naiomba kamati imwelekeze Ilyaas abaki amekufa, hapa Albert Park tu, mpaka goti lipone. Morningside na Westville anaweza kuishi anavyotaka. Hapa aje kama mdogo wa marehemu, avae kofia, akabidhiwe beseni kama ndugu. Mama Colette ataelezwa kwamba shavu la joto si ushahidi. Na siku zijazo kamati ichague majeruhi wanaokaa kitandani, wasiocheka ovyo, na wasiouliza watu majina.

Nisalimie Mama Félicité na watoto, majirani zako wote, na yule mlinzi wa mlangoni kwenu anayeitikia salamu zangu kabla sijazitoa.

Ni mimi, mwanakamati wako asiyesikika,
Libérate

Nyongeza: Papa, tafadhali usitekeleze hata moja katika niliyoomba. Nilikuwa nafunga bahasha Mama Colette alipogonga mlango. Wamama wamekaa kikao upya. Matanga yakishavunjwa, kilichobaki ni cha mrithi, ndivyo tunavyofanya siku zote. Papa Jacques akauliza, mrithi wa huyu ni nani? Bibi hana, mtoto hana, nyanya aliyemlea alishatangulia. Basi imeonekana mrithi ni yeye mwenyewe. Matanga yanavunjwa kesho baada ya misa, na marehemu ameombwa aje na njaa. Amefika sasa hivi kukubali. Yuko chini, kwaya inamfanyia mazoezi ya nyimbo za kesho.

Nimeteremka, na ameniuliza tena jina langu. Nikalisema. Kwa sababu ya kwaya hakusikia. Nikalirudia kwa sauti, mpaka kwaya ikanyamaza.