Mgongo wa Bibi wa Kinole

Jamani, leo nimeaibika mbele ya bibi wa watu. Nasimulia taratibu, maana mashavu bado ya moto.

Mnajua nafanya mafunzo kwa vitendo kitengo cha fiziotherapia, hapa Morogoro mjini. Leo Madam Zaina, msimamizi wangu, alikuwa ananiangalia nikimpima mgonjwa. Nikifaulu, wiki ijayo naanza kupima peke yangu. Nikifeli, naendelea kukunja mataulo (nayakunja vizuri sana, lakini hapana).

Mgonjwa ni bibi kutoka Kinole. Bega la kulia halipandi tangu msimu wa karafuu. Sasa bega likigoma, unaangalia na mgongo wa juu, maana ukikaza huo, bega nalo linakwama. Nimekariri wiki nzima!

Nikaingia na kichwa changu kimejaa. "Bibi, kaa hapa kwenye stuli." Akakaa. Kawaida kwa kipimo hiki mgonjwa anajikumbatia mabega, ila mkono wake wa kulia haufiki, nikamwambia aweke mikono mapajani. Madam akaitikia kwa kichwa. Nikavimba.

"Geuka kulia, bibi."

Kikageuka kidevu tu.

"Haya, kushoto."

Kidevu tena. Na jicho ananikata nalo (nikadhani ni maumivu).

Nikamwambia Madam, kwa kujiamini kabisa: "Mgongo wa juu umekaza. Ndio unaolizuia bega."

Mara dada wa usafi akapita nyuma yetu na ndoo. "Shikamoo, bibi!"

"Marahabaaa, mwanangu!" Loh! Bibi kageuka mpaka kamtazama usoni, makalio hayajasogea hata kidogo. Dada akazunguka upande wa pili, bibi naye akageuka huko huko, anauliza habari za watoto.

Madam akakohoa. "Bibi, mbona kwa huyu binti hukugeuka?"

"Huyu? Hajaniamkia huyu! Kaingia tu: kaa, geuka, geuka. Mimi mbuzi?"

Mungu wangu. Ni kweli, kwa kiherehere changu salamu niliisahau! Nikapiga goti palepale. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Haya, unataka nigeukie wapi?" Akageuka kote, mlaini kuliko mimi.

Madam akaandika kwenye fomu: "Mgonjwa, mgongo hauna tatizo. Mwanafunzi arudie, aanzie mlangoni."

Chekeni tu, nimeshazoea. Ila mama yangu asisikie, yule hatanipa nafasi ya kurudia.