Ila za Nyumba ya Bi Alawiya

Mungu alipogawa riziki, wengine aliwapa mashamba, wengine maduka, na Kiponda akampa nyufa. Nyufa za kuta za watu wengine, bila shaka, maana yeye ukuta hakuwa nao. Alizaliwa Kisauni na kukulia Kisauni, na kila alikopita macho yake yalikuwa juu, yakitafuta rangi iliyobambuka au dari iliyovuja. Kwenye kadi zake aliitwa Injinia Kiponda, Tabibu wa Majengo. Chuo alichosomea utabibu huo hakikutajwa, kwa kuwa kadi zilikuwa ndogo.

Asubuhi moja mkewe Selpher, muuza vitunguu wa sokoni Kongowea, alimtuma akamtafutie magunia matupu. Hakufika. Katika kichochoro kimoja cha Frere Town aliiona nyumba iliyomfanya asimame na kuvua kofia. Ilikuwa nyumba ya kale ya mawe ya matumbawe na chokaa, yenye chumba kipya cha zege kilichobandikwa nyuma. Chini ya ukuta wa mbele chumvi ilikuwa imetoka nyeupe na rangi imevimba. Juu ya dirisha ufa ulishuka mshazari. Huko nyuma zege la dari lilikuwa limebanduka na nondo zake zimeshika kutu.

Kiponda aliujua ugonjwa papo hapo. Tusimvunjie heshima: mwongo wa kubahatisha hujua uongo tu, lakini mwongo wa kazi hana budi aujue ukweli kwanza, ajue pa kuuficha. Mfereji wa maji ya paa ulikuwa umetoboka, mvua ikimwagikia mguuni pa ukuta. Kisha mjuaji mmoja alikuwa ameupaka ukuta wa chokaa plasta ya saruji, unyevu ukakosa pa kutokea, ukabaki ndani ukiisukuma rangi. Ufa ulikuwa mzee kuliko Kiponda na ulikuwa umeshatulia. Zege la nyuma lilichanganywa kwa mchanga wa ufuoni wenye chumvi, lakini kutu ilikuwa bado ya juu juu. Kwa mtu mwenye subira na chokaa, ilikuwa kazi ya miezi michache. Akapiga hodi.

Barazani alikaa Bi Alawiya, mjane wa ukoo wa wafanyabiashara wa zamani, akichambua mchele.

"Shikamoo, Bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wauza nini?"

"Siuzi kitu. Nilikuwa napita, nikasikia nyumba inalia."

"Nyumba yangu? Wallahi mimi nilidhani ni paka."

Kiponda alizigonga kuta kwa kidole, akatega sikio, akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyekwisha kuzika wengi.

"Ni bahari, Bi mkubwa. Inapanda chini kwa chini. Chumvi hii unayoiona ndiyo salamu yake."

"Mpaka huku Frere Town? Kuna masafa."

"Bahari haina haraka."

Kisha akachanganya jasi kidogo kwenye kifuu, akaibandika juu ya ufa kama plasta ya kidonda. Jasi ikilala nzima, alisema, nyumba imetulia. Ikipasuka, nyumba inatembea. Hilo ni jaribio halali, hata mafundi wenye dini zao hulifanya. Ila mafundi hawaizamishi jasi majini namna ile. Jasi iliyolewa maji hupasuka yenyewe ikikauka, hata ukiibandika kwenye kaburi. Kesho yake ilikuwa imepasuka vipande viwili.

"Inatembea," Kiponda akasema kwa sauti ya msibani.

"Yaenda wapi?"

"Chini."

Bi Alawiya akashusha pumzi, akasema yeye ni mwanamke mzee, mafundi wa siku hizi hawaaminiki, na nyumba yenyewe kukarabati hawezi. Laiti angetokea mtu wa kumpunguzia mzigo.

Siku za kawaida Kiponda angemuuzia dawa ya kudunga ukutani kwa sindano, kisha angehama mtaa. Lakini safari hii alikuwa na jambo moyoni. Selpher alikuwa amechoka kufukuzwa vyumba vya kupanga. Alimwambia waziwazi kwamba siku nyingine godoro likifungwa kamba, litafunguliwa ama kwenye nyumba yao wenyewe ama kwa mamake Kaloleni, na huko Kaloleni Kiponda hakualikwa. Naye Kiponda, pamoja na uongo wake wote, alimpenda mkewe kweli. Basi akapiga hesabu: ainunue nyumba hii kwa bei ya maiti, aitibu mwenyewe, aiuze kwa bei ya bwana harusi, na faida imjengee Selpher. Mtaji ulikuwa mmoja tu, ule wa vitunguu. Ilimchukua usiku kucha kumbembeleza, na Selpher alipoutoa mkononi alisema, "Ukipotea huu, potea nao."

Bi Alawiya alikubali kuuza nyumba, si ardhi. Ardhi ni ya mirathi, haiuzwi. Kiponda hakushtuka, kwani ni mtoto wa Mombasa na anajua kwamba huku mtu humiliki kuta na paa juu ya ardhi ya mwenzake, akalipa kodi ya ardhi kila mwezi, na maisha yakaenda. Alifurahi hata, maana bei ilizidi kushuka.

"Sharti langu ni moja," mjane akasema. "Mimi ni Muislamu. Siuzi kitu chenye ila mpaka kasoro zake zitajwe mbele ya mashahidi. Na mjuzi ni wewe, mwanangu. Zitaje wewe."

Majirani wakaitwa. Kiponda akasimama, akazitaja ila kwa ukarimu usio na kifani, kwa sababu kila ila ilikuwa inapunguza bei. Bahari inapanda. Nyumba inatembea. Nondo zimeoza hadi kwenye moyo. Ukuta wa mbele una kifafa. Bi Alawiya alimsikiliza kwa adabu, midomo ikicheza taratibu kama ya mtu anayehifadhi juzuu.

Nyumba ikawa ya Kiponda, na hapo ndipo alipogundua kwamba hela za kuwalipa mafundi hazikubaki. Akawa fundi mwenyewe. Alibandua saruji kwa patasi hadi viganja vikatoka malengelenge, akauacha ukuta upumue, akaupiga upya kwa chokaa na mchanga wa mtoni. Alibadilisha mfereji wa paa. Nondo alizisugua kwa brashi ya waya, akazipaka rangi ya kuzuia kutu, akaziba zege. Ule ufa aliuchimbua kidogo na kuujaza chokaa. Selpher, ambaye sasa alikuwa akiuza vitunguu vya watu kwa kamisheni, alikuja jioni kumchotea maji. Mvua kubwa ikanyesha, na asubuhi ukuta ulikuwa mkavu kama biskuti. Lazima niseme kweli, nyumba ilipendeza.

Mnunuzi wa kwanza alikuwa Menza, mfanyakazi wa ghala la mafuta huko Changamwe, aliyekaribia kustaafu. Aliipenda nyumba, wakapatana bei, bei ya bwana harusi hasa. Lilibaki jambo dogo la desturi: nyumba isiyo na ardhi haibadilishi mkono bila mwenye ardhi kuja kumjua atakayekaa kwenye ardhi yake. Bi Alawiya akaja na buibui la kunukia udi, akakaa, akaisifu nyumba hadi Menza akatabasamu.

"Sasa, mwanangu," akamgeukia, "dini yangu hainiruhusu kunyamaza. Nyumba hini ina ila." Akazitaja moja baada ya nyengine, neno kwa neno, hata kile kifafa cha ukuta wa mbele. "Sikuzijua mimi. Alinambia Injinia huyu, mbele ya watu."

"Bi Alawiya," Kiponda akaingilia kati, jasho likimtoka, "hizo zote nimezitibu."

"Alhamdulillahi. Na bahari umeitibu?"

Kiponda akafungua kinywa. Akisema bahari haikuwapo, amekiri mbele ya majirani walewale kwamba alimdhulumu mjane. Akisema ameizuia, hata yeye hakuwa na kadi ya kutosha kuandika cheo hicho. Menza alikohoa, akasema ataenda kuzungumza na mkewe. Huenda wanazungumza hadi leo.

Wakaja wengine. Wote waliipenda nyumba, wote walisomewa ila zao kwa upole na kahawa, na hakuna aliyerudi. Huku nyuma kodi ya ardhi ilidaiwa kila mwezi, na meza ya Selpher sokoni ilikuwa imeshachukuliwa na mtu wa nyanya. Mwishowe Kiponda na mkewe wakapanda baraza ya Bi Alawiya pamoja.

"Inunue wewe, Bi mkubwa," Kiponda akasema.

"Nyumba yaliwa na bahari, mwanangu, nikupe nini?" Akataja kiasi ambacho kingetosha nusu ya ule mtaji wa vitunguu. "Na hicho nakupa kwa ujirani tu."

"Lakini ukuta ni mkavu! Kauguse mwenyewe."

"Kumbe bahari haikuwapo? Basi siku ile ulinidanganya, na mashahidi wale pale?"

Selpher ndiye aliyenyoosha mkono akazipokea hela, akazifunga kwenye pindo la leso.

Bi Alawiya akamimina kahawa. "Nina nyengine Likoni," akasema kwa huruma. "Nayo plasta yabambuka, naona yaugua. Mjuzi kama wewe, kwa nini usije ukaitazama?"

Hapo, aibu ilioje, macho ya Kiponda yakaanza kung'aa. Selpher aliyaona.

"Ataitazama, Bi Alawiya," akasema, "lakini hanunui. Atafanya kibarua, na ujira wa kila siku unipe mimi mkononi mpaka mtaji wangu utimie."

"Na bahari?"

"Bahari asiiguse."

Wanawake wale wawili wakapeana mikono juu ya kichwa cha Kiponda, ambaye hakuna aliyemuuliza. Jumatatu alivuka feri kwenda Likoni na patasi yake na ndoo ya chokaa, na hivyo ndivyo yalivyomfika maafa aliyoyakimbia tangu ujana wake: alipata kazi.