Matokeo ya Shavu la Kushoto na la Kuume

Bwana mukubwa wa eneo, mashehe na mapadri, machefu wote na wasaidizi wa machefu, komite ya wanawake wa soko, chama cha wenye pikipiki, na wewe Mama Régina, muuza samaki wa Nyangwe, ambaye tangu mwezi wa kwanza unaniuliza kila siku pomade gani itatoa madoa meusi yaliyokuja usoni kwako nyuma ya kuzaa: salaam, tena salaam. (Makofi kidogo.)

Mimi, Iliasi Amisi, Koordinateri Mukubwa wa Projeti ya Kulinganisha Pomade za Madoa, Kasongo na Kabambare, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu ambao watu wachache wanao. Kufuatana na plani ya mikakati, wanawake mia mbili na kumi na saba walipaka pomade ya idrokinoni shavu la kushoto na pomade ya asidi azelaiki shavu la kuume, wiki kumi na mbili, na mafanikio yalifika asilimia mia na nne. (Mutu anauliza hiyo nne imetoka wapi.) Swali hilo litajibiwa na komite ya ufuatiliaji, ambayo mimi ni prezida wake na pia katibu.

Sasa matokeo. Idrokinoni ilifanya kazi mbio, shavu likang'aa. Lakini tulienda misheni ya kazi Salamabila kwa pikipiki: kwenda asubuhi jua usoni, kurudi magaribi jua usoni, na doa likarudi na jamaa yake yote. Azelaiki inaenda polepole, inawasha kidogo, ila haiumizi ngozi. Paji la uso halikupakwa kitu, na ndilo limebaki safi, sababu ya kofia hii. (Kicheko. Vidole vinaelekea uso wa Koordinateri.) Tafazali, muache shavu langu, liko kwenye programu.

Mama Régina anasema aliandikwa kwenye liste, hajaona hata tube moja, na anakaa juani na samaki tangu saa moja ya asubuhi. Nakusikia, mama. Dosie yako, karatasi zako zote, iko mbele sana.

Sasa tuite neno la projeti: Uso moja! (Watu: "Rangi tatu!") Kasongo yenye kung'aa! (Watu wanaangalia kofia.)

Mwisho, nawashukuru wanawake mia mbili na kumi na saba, ambao majina yao nilichukua kwenye liste ya chanjo, na ambao hawakupaka kitu, sababu tube zilikuja mbili tu, na kwa kuogopa wasiumie, nilijitoa nikazipaka mimi mwenyewe. Asanteni sana. (Mama Régina anapanda mbele, anamuvua Koordinateri kofia, anaivaa, anarudi kwa samaki wake.)