Korongo Tumboni mwa Kompyuta

Jumatatu, tarehe 4 Novemba

Mvua. Hapa Keelung, bandari ya kaskazini mwa Taiwan, mvua si habari. Habari ni ikikatika. Nimeamka na ndoto tamu: korongo mweupe anapaa juu ya maji ya kijani, nami nimekaa mgongoni mwake, nimevaa suti. Suti sina. Ndoto haikujali.

Mchana nikakutana na Bi Yin-fang kwenye ngazi. Mjane, mshonaji mstaafu, ghorofa ya nne. Nampenda kimyakimya tangu nilipohamia jengo hili. Akaniambia binti yake aliye Taichung anataka kumchukua akaishi naye. Kuhama ni Jumapili. Lakini moyo, alisema, haujakubali. Kuna ukuta nyuma ya kitanda chake. Upande wa pili ndipo alipolala marehemu kaka yake, zamani walipokuwa vijana, akicheza mchezo wa kompyuta uitwao Korongo wa Visiwa Saba. Spika za nje hawakuwa nazo. Sauti ilitoka tumboni mwa mashine yenyewe, nyembamba, ti-ti-tuu, ti-ti-tuu, mpaka yeye, msichana, akasinzia. Hadi leo huusikia wimbo huo mle ukutani, alisema. Anaogopa kuuacha. Laiti angeusikia tena mara moja tu, ndipo aamue.

Ndipo aamue!

Maana mimi, Tuan Chih-heng, miaka sitini na mmoja, mkata tiketi wa sinema iliyokwisha fungwa, mchezo huo NINAO. Na mashine yake ninayo, nikamwambia palepale. Mpango ukajipanga wenyewe kichwani: atasikia, atalia, atabaki, tutaoana kabla ya Mwaka Mpya.

Lakini Bwana Hsiung wa ghorofa ya pili alikuwa amesimama nyuma yetu na mwavuli, masikio wazi kama milango ya benki. Afisa forodha mstaafu; kusikiliza ya watu ndiyo iliyokuwa kazi yake. Akasema hata yeye anao mchezo huo, tena ana spika mbili ndefu kama jokofu. Akanigeukia, akasema kwa huruma ya uongo, "Kaka Tuan, kimashine chako kitamlilia mama wa watu kama mbu."

Bi Yin-fang akacheka. Akatualika sote wawili Jumamosi alasiri, tulete mashine zetu.

Akacheka! Mbu, eti.

Jumanne, tarehe 5 Novemba

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama. Mgongo umekwama. Dada yangu Su-yun, ambaye naishi naye (au yeye anaishi nami, suala hilo halijaamuliwa), ikabidi anivute kwa miguu. Kompyuta nami tukatoka pamoja, tumejaa utando wa buibui.

Nikaiwasha. Ikakohoa. Ikawaka! Maandishi ya kijani yakachomoza polepole kama magugu chini ya maji. Nikatia diski. Korongo akatokea, vijiti vitano na mdomo. Mzuri ajabu. Akapiga mbawa.

Kimya.

Nikaweka sikio kwenye sanduku. Kimya cha kaburi. Nikalifungua. Kile kispika cha ndani, kidogo kama kifuniko cha chupa, karatasi yake imeliwa na ukungu. Unyevu wa Keelung hauachi kitu. Nilipokigusa kikawa unga.

Dada akauliza kwa nini nisinunue tu spika za dukani nikazichomeka. Nikamweleza kwa upole kwamba mashine hii haina hata tundu la kuchomekea. Akasema basi mashine ni bubu na mwenyewe ni kiziwi, tumefaana.

Nililala mchana. Korongo akaja tena. Alifungua mdomo na mvua ikatoka.

Jumatano, tarehe 6 Novemba

Nimekwenda kupeleleza. Nikabeba kibakuli, nikajifanya naomba mchuzi wa soya. Hsiung hakunipa mchuzi, alinipa maonyesho. Mashine yake ni ya zamani kama yangu ila imekula vizuri: ina kadi ya sauti, na spika zile, kweli, ni majokofu. Ameziviringishia kitambaa chekundu kama maharusi.

Akacheza mchezo. Ti-ti-tuu. Sauti ikatoka, lakini ndogo, ya mbali, kama mtu anayeimba kisimani. Hsiung akakunja uso. Akageuza kifundo, akageuza tena. Ndogo vilevile.

Hapo ndipo nikapata wazo ambalo hata sasa, nikiandika, linanipa joto. Nikamwambia, kama mtu anayejua, kwamba kosa ni la kile kispika cha tumboni. Kinaiba sauti! Wakubwa watasemaje ikiwa mdogo amewakalia kooni? Akitoe tu, akitupe, aone spika zake zitakavyonguruma.

Niliyatoa hewani yote. Nilichotaka ni kile kispika chake, kizima, kikavu, nikakifunge kwangu.

Kisha akachukua bisibisi. Akasema hakudhani mkata tiketi angemfaa mtu siku moja. Akakitoa! Kujaribu, akasema, atajaribu Jumamosi mbele ya Bi Yin-fang. Nikanyoosha mkono kwa adabu nimsaidie kukitupa. Akakitia kwenye kikapu chake cha taka, akasema mtu wa forodha haachi kitu kitoke mlangoni bila mpango.

Si neno. Taka hutoka.

Alhamisi, tarehe 7 Novemba

Siku ya fedheha.

Jioni gari la taka likaja na muziki wake kama kawaida, jengo zima likateremka na mifuko. Nilikuwa nimejiweka kwenye mlango wa chini tangu mapema. Mpango: Hsiung akishuka, nimpokee mfuko kwa ukarimu. Ujirani mwema.

Akashuka. Nikasema, "Lete nikusaidie, kaka." Akasema, "Tangu lini?" Tukavutana. Mzee ana nguvu! Mfuko ukapita juu ya kichwa changu, ukatua ndani ya gari. Gari likaondoka linaimba.

Nikalikimbiza. Nakiri. Mwavuli ukageuka ndani nje, ndara moja ikabaki kwenye dimbwi. Nililipata kwenye kona, nikamsihi kijana wa gari aniruhusu nichungulie kidogo tu. Akauliza nimepoteza nini. Nikasema sauti. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Mzee, kikishaingia humu ni cha serikali."

Nikarudi mguu mmoja peku. Bi Yin-fang alikuwa bado kwenye ngazi na ndoo yake tupu. Hakunicheka. Alisema kaka yake naye alikuwa hivyohivyo, akitaka kitu anakikimbilia hata mvuani. Na ndivyo alivyopata homa ile ya mapafu iliyomchukua akiwa na miaka kumi na tisa. Akanipa taulo. Akaniambia nijikaushe, tafadhali, Kaka Tuan.

Taulo lina harufu ya sabuni ya maua. Sijalirudisha. Ni dalili dhahiri.

Ijumaa, tarehe 8 Novemba

Nimeamka nikisikiliza. Ukijua kusikiliza, nyumba nzima ina sauti. Bomba linanong'ona. Friji inakariri dua. Na jikoni, sufuria mpya ya umeme ya dada yangu ilipoivisha wali ikaimba: ti-ti-tuu!

Mungu wa mbinguni.

Dada alipokwenda sokoni nikaifungua. Ndani, kidude cha duara chembamba kama sarafu, waya mbili. Nikakikata, nikakiunga kwenye kompyuta. Nikawasha. Korongo akaimba! Lakini mbio mbio, wimbo mzima umekwisha kabla sijakaa, korongo anapita skrini kama risasi na kugonga kisiwa cha kwanza. Nikakumbuka kitufe cha mbele, kile cha kupunguza kasi ya mashine. Kimekwama. Nikakipiga kwa ndara iliyobaki. Kikazama.

Na hapo, jamani. Polepole. Ti, ti, tuu. Mvua dirishani, korongo akielea kijani juu ya kijani, na ile sauti nyembamba ikinijia kama mtu anayeniita kutoka chumba kingine. Nilisahau kuoa. Nilisahau hata Hsiung. Nilikaa tu.

Dada akarudi, akaketi kusubiri sufuria iimbe. Haikuimba. Akasubiri. Nikasubiri naye. Tulikula wali uliogandana kama udongo wa kufinyangia. Akasema vitu vya siku hizi havidumu. Nikasema ni kweli kabisa.

Jumamosi, tarehe 9 Novemba

Ushindi! Kisha sijui nini.

Hsiung akapandisha majokofu yake hadi ghorofa ya nne, moja moja, akihema kama treni ya milimani. Akayasimamisha chumbani pale, mbele ya ule ukuta, moja kulia, moja kushoto. Akatoa hotuba. Akawasha. Korongo akapiga mbawa.

Kimya.

Akageuza vifundo. Kimya. Akapiga jokofu la kushoto kofi. Kimya! Na mimi, ambaye sikuelewa hata kidogo, ghafla nikaelewa: mchezo ule hauzijui spika za nje wala kadi. Haukuwahi kuzijua. Unaongea na kile kidogo cha tumboni peke yake, na Jumatano ndicho tulichokisikia. Nacho kiko jalalani, kwa ushauri wangu. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyejua tangu mwanzo. Hsiung akanitazama. Akaanza kuwa mwekundu kutoka shingoni kwenda juu.

Nikaweka mashine yangu mezani. Nikawasha.

Ti-ti-tuu.

Bi Yin-fang akakaa kitandani. Akafumba macho, akaegemeza kisogo ukutani. Hakulia. Uso wake ukawa mdogo, mdogo, mpaka nikamwona msichana. Hata Hsiung alivua kofia. Korongo akaruka kutoka kisiwa hadi kisiwa, nami nikibonyeza kitufe kwa uangalifu kuliko nilivyowahi kufanya jambo lolote, maana niliogopa akianguka, kaka wa Bi Yin-fang atakufa mara ya pili. Tulifika kisiwa cha saba. Wimbo ukaisha.

Kisha akauwekea ukuta sikio, akasikiliza. Akatabasamu.

"Humu hamna kitu," alisema. "Kumbe miaka yote alikuwa humu kichwani mwangu. Basi naweza kwenda naye."

Akatushika mikono sote wawili. Akasema tumemfungua. Akaenda kumpigia binti yake simu amwambie aje.

Hsiung nami tuliteremsha majokofu pamoja. Ghorofa ya tatu akaniambia kwamba mimi ni mpumbavu mkubwa, na kwamba mchezo niliucheza vizuri.

Jumapili, tarehe 10 Novemba

Ameondoka. Mvua ilikatika kwa makusudi. Binti yake ni mwenye adabu, gari lao jeupe. Bi Yin-fang alifungua kioo, akanipungia, akasema, "Kaka Tuan, jitunze na mvua."

Nikasimama barabarani hata baada ya gari kukata kona. Hsiung naye. Jua lilikuwa kali mno, sikuona vizuri.

Jumatatu, tarehe 11 Novemba

Mvua imerudi, na akili pia.

Nimelifikiria jambo lote kwa kina na kosa nimeliona. Si mapenzi yaliyoshindwa, ni ufundi! Nilimchezea mpaka mwisho. Ningemwacha korongo kisiwa cha tatu, leo angekuwa bado ghorofa ya nne anasubiri. Mwanamke hasafiri katikati ya wimbo.

Nikachungulia diski zangu. Ninao mchezo mwingine: Kobe wa Ziwa la Mbalamwezi. Visiwa hauna, ila una vyumba mia mbili. Hauishi kamwe! Kaka yake lazima aliucheza. Kama hakuucheza, atakuwa alitamani.

Taichung si mbali kwa gari. Gari analo Hsiung. Nimeteremka sasa hivi kumweleza kwamba maskini Bi Yin-fang anaumwa kwa upweke, na kwamba tukienda wawili itakuwa heshima zaidi. Amekubali mara moja, bila hata kuuliza. Njiani nitamwomba asimame anunue keki za nanasi, akishashuka nitaendesha mwenyewe.

Kuendesha sijui. Lakini nimemtazama dereva wa basi mara nyingi, na si kazi ngumu.