Nafasi Mbili za Kinshasa

Jumatatu, 6 Mei

Uonevu! Sina neno lingine. Leo walimu wote wa vilabu vya roboti tumeitwa shule ya Himbi kusomewa sheria za mashindano ya mkoa. Nafasi za kwenda finale ya taifa, Kinshasa, ni mbili. Ya kwanza ni ya timu itakayoshinda uwanjani. Sawa. Ya pili ni ya timu ambayo juri, yaani waamuzi, itaona imefanya kazi nzuri kuliko zote: ilivyounda mashine, inavyoieleza, inavyosaidia wengine. Inavyosaidia wengine! Haya ni mashindano au chama cha akina mama wa parokia?

Mwaka jana watoto wangu wa shule ya Katoyi walikuwa wa pili uwanjani. Wa pili! Tukabaki nyumbani. Aliyepanda ndege ni Mama Annonciata na wasichana wake wa Himbi, waliokuwa wa tano, eti walieleza vizuri. Nimesimama nikasema roboti haina mdomo. Muzee Munguakonkwa, msimamizi wa mashindano, ameniomba niketi. Nimeketi. Kwa hasira.

Jumatano, 8 Mei

Nimezunguka mji mzima kwa pikipiki. Mpango wangu: walimu tupige kura, nafasi zote mbili zitoke uwanjani, wa kwanza na wa pili. Basi. Luc, mwalimu wa shule ya Keshero, amesitasita, maana roboti yake haifiki hata katikati ya uwanja. Nimemwambia haki ni haki. Tena nimemwahidi watoto wangu watakuja kumtengenezea. Amekubali papo hapo. Nitapata hasara gani? Roboti ya Luc!

Ijumaa, 10 Mei

Ushindi! Kura moja tu imetuokoa, ya Luc. Juri itatoa kikombe cha heshima, bila safari. Mama Annonciata amenipa mkono, akaniuliza, "Papa Sebahire, na mutoto mwenye alifanya kazi mwaka muzima, siku ile moja mashine ikamukatala?" Nimemjibu kwamba mashine hazikatai watu makini.

Nimerudi Katoyi kuwapa watoto habari. Nilingoja makofi. Hakuna. Daniella, kapiteni wetu, ameniuliza kwa nini nimefanya hivyo, maana mwaka huu walikuwa wamejitayarisha hasa kwa juri. Kumbe kila Jumamosi wanakwenda Himbi kufanya mazoezi na wasichana wa Mama Annonciata! Kwa adui! Hata magurudumu ya nyuma ya roboti yetu wamepewa huko! Nimewakataza kukanyaga tena Himbi. Olive, mdogo wa wote, ameuliza kama warudishe magurudumu. Nimesema magurudumu yabaki.

Alhamisi, 16 Mei

Roboti yetu inaitwa Chukudu, kama zile baiskeli za mbao za mjini kwetu, kwa kuwa inabeba mizigo bila kunung'unika. Imara kabisa. Lakini polepole, jamani! Inashika mpira, inafikiri, inageuka, kama bibi anayetoka misani. Daniella anasema mwendo huo ameupima makusudi. Amenieleza sababu. Ilikuwa ndefu.

Watoto walipokwenda Keshero kutengeneza roboti ya Luc, nimefungua kompyuta, nikatafuta mahali penye mwendo, nikauongeza mara mbili. Sijamwambia mtu. Nitawashangaza.

Jumamosi, 18 Mei

Nimewashangaza.

Mechi mbili za kwanza tumeshinda. Chukudu ilikuwa inaruka! Ukumbi ulipiga kelele, nikapunga mkono. Daniella aligundua mara moja, akaja kuniuliza nani amegusa programu. Nilimwambia tutaongea baadaye, hatubadilishi kitu tunaposhinda. Akaomba tena. Nikakataa tena.

Nusu finale, Chukudu ikashika mpira, ikageuka, haikusimama. Ikavuka ukingo wa uwanja. Ikagonga meza ya juri. Fanta ya Muzee Munguakonkwa ikamwagikia suruali yake, ya rangi nyeupe. Tukashindwa.

Daniella alirekebisha mwendo pale pale, tukashinda mechi ya kugombea nafasi ya tatu. Ya tatu! Wa kwanza ni Himbi. Wa pili ni Keshero. Luc! Kwa roboti ile ile niliyomtolea watoto wangu! Sasa inateleza kama imepakwa mawese. Luc amenikumbatia huku akilia. Sikumkumbatia.

Halafu kikombe cha heshima. Juri ikasema kuna timu moja ambayo, baada ya ajali, kapiteni wake alifungua kompyuta mbele yao, akaonyesha kosa liko wapi, akalieleza bila kumtaja mtu, akalitengeneza. Timu hiyo hiyo ilisaidia shule nyingine kusimamisha roboti yake. Katoyi! Ukumbi mzima umesimama. Muzee Munguakonkwa, suruali bado imelowa, akachukua mikrofoni: "Kwa sheria ya zamani, hawa batoto bangeenda Kinshasa." Akanishukuru mimi, kwa jina, kwa kusaidia sheria iwe wazi. Wakageuka wote kunitazama.

Daniella hakulia. Afadhali angelia. Olive ndiye aliyelia, amekumbatia kikombe, akaniuliza, "Prof, kweli hatuendi?" Nilitazama dari. Dari ya ukumbi ule ina madoa mengi.

Mama Annonciata alikuja. Hakunicheka, na huo ndio ubaya wake. Aliwaambia watoto wangu kwamba Himbi inahitaji timu ya kufanya nayo mazoezi mpaka siku ya safari. Nikawaruhusu.

Jumanne, 21 Mei

Nimefikiri. Sheria hii ni mbaya! Nani anaweza kupima kazi ya mwaka mzima kwa dakika mbili za uwanjani? Walimu walikuwa wapi ilipopitishwa? Nimemwendea Luc. Anapanga nguo za Kinshasa kwenye valizi, hanisikilizi.

Mama Annonciata ameshatangulia, kama kawaida yake. Amependekeza mwaka ujao nafasi moja itoke uwanjani, moja kwa juri, na Kinshasa wakiongeza ya tatu, ipigiwe kura ya bahati kati ya shule ambazo hazijawahi kwenda. Walimu wote wamekubali. Mimi nimepinga. Nafasi zote zitoke kwa juri! Mechi ni bahati tu! Muzee Munguakonkwa ameniomba niketi. Tulikuwa tunaongea kwa simu.

Jumatatu, 27 Mei

Dharau! Watoto wameweka neno la siri kwenye kompyuta. Mimi, mwalimu wao! Nimemwuliza Daniella. Amesema, kwa heshima zote, kwamba amelisahau. Amelisahau, na wakati huo huo alikuwa ameketi mbele ya kompyuta anaandika programu! Olive alikuwa anacheka ndani ya shati lake.

Mchana wamekwenda Himbi. Nimebaki peke yangu na Chukudu. Wameifungia mkono mpya, kazi safi, siwezi kusema uongo. Lakini unainuka polepole. Polepole mno! Na mimi najua kabisa mahali pa kubadilisha.

Nimejaribu jina langu. Siyo. Ajabu sana.

Kesho nitalijaribu kwa herufi kubwa.