Mnada wa Tuta

Wajanja wengi hutafuta riziki penye mali. Kinanda, aliyeitwa hivyo kwa kuwa mdomo wake ulijua kupiga wimbo wa kila msikilizaji, aliipata yake kwenye shimo la barabarani. Alikuwa kwa fundi cherehani, akisubiri suruali yake itiwe kiraka, alipoona basi likipunguza mwendo livuke shimo. Wachuuzi wakalivamia, na kabla halijatoka shimoni walikuwa wameuza karibu kila kitu. Redio ya fundi nayo ilikuwa ikieleza sera mpya ya usalama barabarani: magari mabovu yataondolewa, alama zitawekwa, matuta yatajengwa penye hatari. Kinanda aliinuka kwa furaha, akakumbuka suruali bado iko cherehanini, akakaa tena.

Kesho yake alirudi na kofia ngumu, kizibao cha manjano kinachong'aa na futi ya kupimia. Akapima lami, akatikisa kichwa, akapima tena. Mtu akipima mbele ya mlango wako bila kusema neno, usingizi huupati. Mwenye duka la saruji alitoka kuuliza kulikoni, akaelezwa kwa masikitiko kwamba tuta litakuwa moja tu, na mahali pake hapajaamuliwa.

"Likikaa mbele yako, bosi, kila abiria ataona bidhaa zako akiwa dirishani," Kinanda alisema. "Lakini mwenye baa naye kaniomba. Mimi ni mtumishi wa watu, nifanyeje?"

Mwenye duka akampunguzia mawazo kwa bahasha. Mwenye baa, ambaye hakuwa ameomba lolote, aliposikia jirani keshaomba, akatoa nene zaidi. Muuza magodoro akafuata. Penye tamaa hapakosi foleni.

Wa mwisho alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mama wa sauti ya chini, mikono mitupu. Alisema muhula uliopita mtoto wa darasa la pili alivunjwa mguu na gari pale langoni, na tangu hapo kila asubuhi yeye hushika pumzi mpaka wa mwisho avuke. Kinanda aliona aibu kidogo, kwa hiyo akamdanganya kwa heshima zote. Aliahidi tuta la viwango: mwinuko wa taratibu, mistari myeupe, kibao cha onyo kila upande. Jumamosi, mama, bila kukosa. Kisha akaenda kukata tiketi ya basi la Ijumaa.

Bahati mbaya aliyemuuzia tiketi alikuwa na watoto wawili katika shule ile.

Ijumaa, Kinanda akipita na begi lake kuelekea kituoni, alikuta langoni wazazi na makoleo, wanafunzi wakiimba kumsifu, na wateja wake watatu wamealikwa wakae mbele. Mwalimu mkuu akamshika mkono.

"Wazazi wenzangu, mhandisi wetu ameona kesho ni mbali. Na nasikia wapo waliotaka kumhonga alipeleke tuta kwao, akawakatalia. Kama wapo hapa, wasimame tuwaone."

Mwenye baa akakohoa. Muuza magodoro akatazama viatu vyake. Hakuna aliyesimama, na Kinanda akaelewa kwamba amebanwa kama wao. Akikiri, atapigwa. Akikimbia, makoleo ni mengi.

Basi akalipia saruji kwa bahasha ya mwenye saruji mwenyewe, kokoto kwa ya baa, rangi na vibao kwa ya magodoro. Akachanganya zege mpaka viganja vikatoka malengelenge. Kila alipotaka kulipua kazi, wazazi walimkumbusha maneno yake: mwinuko wa taratibu, mhandisi.

Zege lilipokauka na mistari kupakwa rangi, lori la kwanza likaja mbio, likaona kibao, likanyenyekea. Watoto wakavuka wakicheka. Kinanda alifurahi, furaha ya kweli, na jambo hilo lilimkera sana.

"Mama," alimnong'oneza mwalimu mkuu, "ulijua lini kwamba mimi si wa ofisi ya barabara?"

"Siku ile ile ya kwanza, mwanangu," alijibu, akimfuta rangi shavuni. "Wale tunawaita miaka yote, hawaji. Wewe hatukukuita, ukaja."