Mkoa Uliotaka Kupendwa

Serikali ya Mkoa wa Tallabeen, kwa heshima na taadhima, ilitangaza kwamba iko tayari kupendwa.

Tangazo lilikuwa la kurasa kumi na nne. Lilisema mkoa umejitathmini, umejiridhisha kwamba unapendeka, na sasa unafungua milango kwa wataalamu arobaini kutoka taifa lolote duniani. Wataalamu hao wangedhaminiwa viza kwa sharti dogo tu: waupende mkoa kwa dhati, kwa muda usiopungua miaka mitatu mfululizo. Lilitolewa na Ofisi ya Kukaribisha Wataalamu Tallabeen, ambayo kwa sababu za kiutendaji ipo Sydney, ghorofa ya kumi na mbili, penye upepo mzuri wa bahari, mwendo wa saa tisa kwa gari kutoka Tallabeen yenyewe.

Pabitra Pun alilisoma akiwa juu ya paa la supamaketi huko Rockdale, mtaa wa Sydney, kiyoyozi kimefumuliwa mbele yake, bisibisi kaibana kwa meno. Alikuwa fundi wa viyoyozi na majokofu, mzaliwa wa Beni, Nepali, na viza yake ya muda ilikuwa imebakiza miezi kumi. Binti yake Asmi, mwenye miaka minane, alikuwa Beni na bibi yake. Mwaka wa tatu sasa mama na mtoto walikuwa wakionana kwenye simu, na siku hizi mtoto alianza kumjibu kwa adabu, kama anavyojibiwa mgeni. Adabu hiyo ilimuuma Pabitra kuliko ambavyo ufidhuli ungemuuma.

Ieleweke kwamba hakuna aliyemnyima njia. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni viza ya kujitegemea: unaomba mwenyewe, hudhaminiwi na yeyote, ukiipata unaishi utakako. Ya pili ni viza ya kudhaminiwa na mkoa: mkoa unakuongezea pointi kumi na tano, nawe unauongezea mkoa miaka mitatu ya uhai wako. Pabitra alikuwa amekaa kwenye foleni ya kwanza miezi kumi na minne na pointi zake themanini na tano. Alipoingia, walikuwa wakiitwa wenye themanini na tano. Mwezi uliofuata wakaitwa wenye tisini. Akaenda kufanya mtihani wa Kinepali, maana anayefaulu huongezewa pointi tano. Akafeli kwa alama mbili lugha aliyonyonya nayo. Walipofika tisini na tano akaacha kuangalia.

Jumapili ile alimwendea jirani yake Juna, ambaye alikuwa na viza ya kujitegemea na kwa hiyo alikuwa akiendewa kama mganga. Tek, mume wa Pabitra, alifuatana naye.

"Mdogo wangu," Juna alisema akimimina chai, "viza ya mkoa ni ndoa ya masharti. Ile ya kujitegemea ndiyo uhuru."

"Uhuru wenyewe haufiki, dada."

"Basi ongeza pointi. Muache huyu." Akamwonyesha Tek kwa kidevu. "Kwenye jedwali lao, asiye na mume anapewa pointi kumi."

Tek alikuwa mwoka mikate, na kazi hiyo haikuhesabiwa kuwa ujuzi mahali alipopimiwa. Akaweka kikombe chini taratibu.

"Kwa hiyo mimi ni hasara ya pointi kumi."

"Si mimi nisemaye, shemeji. Ni jedwali."

"Miaka kumi na mmoja ya ndoa," alisema Tek, "na thamani yangu haifiki hata pointi moja kwa mwaka."

"Simwachi mtu," alisema Pabitra. "Nitakwenda huko Tallabeen. Wanataka mtu aishi na kufanya kazi miezi sita kwanza, ndipo aombe."

"Na mimi?"

"Wewe baki na kazi yako. Mmoja wetu lazima awe na pa kusimama."

Tek hakubisha. Alimfungia mikate minne kwenye kitambaa, naye akapanda basi.

Tallabeen ilikuwa na barabara moja pana, hospitali ndogo, shule, bucha, na joto la nyuzi arobaini na nne. Fundi wa mwisho wa viyoyozi alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, na tangu hapo kila mashine mjini ilikuwa imemfuata. Siku ya pili tu mwenye bucha, mama mmoja mnene wa miaka sitini aitwaye Noreen, alimkuta Pabitra dukani akinunua maji.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndimi."

"Chumba changu cha baridi kinanguruma kama mgonjwa. Njoo, kipenzi. Hayo maji utayanywa ukiwa kazini."

Akakitengeneza. Kisha akatengeneza jokofu la chanjo la hospitali, kisha madarasa ya shule, kisha nyumba moja baada ya nyingine, mpaka watu wakaanza kumpungia mkono kutoka barazani. Noreen alimpa nyama ya kondoo, na Pabitra akaikatakata, akaifunga kwenye unga, akapika momo kwa mvuke. Noreen alikula kumi na sita, akasema si mbaya. Kufikia mwezi wa nne Pabitra alikuwa anajua ni mbwa gani anang'ata na ni nani hasemezani na nani. Hali hiyo hakuiita upendo. Aliiita mazoea.

Miezi sita ilipotimia, akaitwa kwa usaili mbele ya Kamati ya Kupima Mapenzi ya Dhati kwa Mkoa. Kamati ilikuwa na wajumbe watano, na kwa sababu zilezile za kiutendaji ilikutana naye kwa video kutoka ghorofa ya kumi na mbili. Mwenyekiti alikuwa Mkurugenzi mwenyewe, Bwana Alden Prine, mtu wa tai nyembamba aliyeandika mikakati mitano juu ya Tallabeen bila kupotoshwa na jambo lolote aliloliona huko, kwani hakuwahi kufika.

"Tuanze na swali jepesi," alisema Bwana Prine. "Mto Tallabeen una rangi gani?"

"Hauna rangi, mheshimiwa. Hauna maji. Umekauka tangu mwaka juzi."

Wajumbe wakainamia karatasi zao. "Kijitabu cha mkoa kinasema buluu," alisema mmoja.

"Watoto wanacheza kriketi," alisema Pabitra. "Ndani yake."

"Tuandike si sahihi. Unapenda nini zaidi katika maisha ya usiku ya Tallabeen?"

"Saa mbili watu wamelala."

"Si sahihi." Bwana Prine alivua miwani kwa huruma. "Bi Pun, nikuambie kwa nia njema. Unauzungumzia mkoa kama mtu anayeishi humo. Sisi tunatafuta mwenye shauku. Halafu kuna jambo jingine. Naona jina lako lipo pia kwenye foleni ya kujitegemea."

"Lipo."

"Yaani ungali unaangalia kwingine."

"Mheshimiwa, hata nyinyi mnatafuta watu arobaini."

Hakuna aliyecheka. Siku tatu baadaye barua ikaja. Mapenzi ya mwombaji yamepimwa na kupata nne kwa kumi. Ombi limeahirishwa. Mwombaji anapewa siku thelathini kujiondoa kwenye foleni ya kujitegemea, ili moyo wake ubaki na makao mamoja, ndipo kamati ifikirie tena, bila kuahidi.

Kwa kuwa kesi hiyo ilimkera sana, Bwana Prine aliongeza kwenye kanuni ibara mpya, Ibara ya Saba, aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe ili asitoroke mtu. Ilisema: kila anayenufaika na mpango huu, awe nani na awe na cheo gani, ataishi ndani ya Mkoa miaka mitatu mfululizo, na kila mwisho wa mwezi atathibitishwa kwa sahihi ya mkazi; na atakayelala nje ya Mkoa hata siku moja bila ruhusa ya mkazi huyo, ataanza kuhesabu upya. Nakala zilitumwa zibandikwe katika maduka yote. Noreen alibandika yake juu ya meza ya kukatia nyama.

Viza ya Pabitra ilikuwa imebakiza miezi mitatu. Alimpigia Tek.

"Ukijitoa, halafu na wao wakakukataa?" Tek aliuliza.

"Tutarudi Beni."

"Si vibaya. Asmi atafurahi."

"Atafurahi wiki moja. Kisha ataniuliza miaka ile yote nilikuwa nafanya nini, nami nitamwambia nilikuwa kwenye foleni."

Pabitra alisikia trei za mikate zikigongana nyuma ya Tek. "Mama Asmi," alisema Tek, "fanya unaloona. Mimi niko upande wako, hata kama napunguza pointi."

Siku ya ishirini na sita akafungua simu, akafika kwenye kitufe cha kujitoa. Kidole kilikuwa juu yake wakati Noreen alipopiga: chumba cha baridi kimekufa kabisa, na ndani mna nyama ya harusi ya watu mia mbili. Pabitra akaweka simu mfukoni, akachukua sanduku lake la vifaa. Kompresa ilikuwa imeungua. Ilimchukua siku nzima na iliyofuata kufunga nyingine aliyoitoa kwenye duka lililofungwa, huku Noreen na majirani wakibeba barafu kwa ndoo.

Alipomaliza aliketi juu ya kreti, akafungua simu amalizie kujitoa. Akakuta ujumbe. Mwezi ule, kwa sababu ambazo hazikuelezwa, kama zilivyokuwa hazijaelezwa zilipopanda, pointi za viza ya kujitegemea zilikuwa zimeshuka hadi themanini na tano. Alikuwa amealikwa.

Aliusoma mara tatu. Kisha akampa Noreen ausome, kwa sababu hakuamini Kiingereza chake mwenyewe.

"Inasema ndiyo, kipenzi," alisema Noreen. Akafuta mikono kwenye aproni, akageukia nyama. "Basi utatuacha."

Pabitra alikuwa analia, na alitaka kwanza amalize hilo.

Viza ilipotoka, habari zilifika Sydney na kuikuta ofisi katika wakati mgumu. Waziri alikuwa ameahidi kwenda Tallabeen kutambulishwa kwa wataalamu arobaini. Maombi yaliyopokelewa yalikuwa mia tatu na kumi na mawili, na kamati, kwa umakini wake, ilikuwa imegundua kwamba hakuna hata mmoja aliyependa vya kutosha. Bwana Prine akapanda ndege ndogo, akatua Tallabeen kwa mara ya kwanza maishani, nyuzi arobaini na tano, akiwa na koti.

Alimkuta Pabitra juu ya paa la shule. Akapanda ngazi, akishika kila kipago kana kwamba kinahitaji kuidhinishwa.

"Bi Pun. Kamati imelitazama upya suala lako. Mapenzi yako sasa ni tisa kwa kumi."

"Asante. Nimeshapata ile nyingine."

"Inaweza kurudishwa."

"Siirudishi."

Bwana Prine akapangusa uso kwa tai. "Unaondoka lini?"

"Siondoki. Mume wangu anakuja wiki ijayo. Mji huu hauna mwoka mikate, wanakula ya kwenye mifuko. Mtoto naye anakuja, nimeshamwandikisha shule hii hii."

"Kwa sharti gani?"

"Hakuna sharti."

"Kwa miaka mingapi?"

"Sijui."

Bwana Prine alimtazama kama mtu aliyeonyeshwa mnyama asiye kwenye orodha. Akatoa fomu yake, akaipekua mbele na nyuma. Mahali pa kumwandika mtu wa namna hiyo hapakuwepo.

Waziri alifika keshokutwa. Ukumbi ulijaa, kwa kuwa ulikuwa na kiyoyozi kinachofanya kazi. Alizungumza nusu saa juu ya mafanikio, kisha, mbele ya mwandishi wa gazeti, akaomba wanufaika wa mpango wasimame.

Hakusimama mtu. Waziri akatabasamu, akarudia ombi kwa sauti ya juu zaidi.

Noreen akainua mkono. Alikuwa amekuja na karatasi yake ya bucha, yenye doa la damu pembeni. "Mheshimiwa, naomba nisaidie. Tumeusoma mpango huu mwaka mzima tukikata nyama. Aliyenufaika ni mmoja tu, kwa mshahara, gari na ofisi. Yule pale mwenye koti." Akaisoma Ibara ya Saba yote, polepole, na alipofika kwenye "awe nani na awe na cheo gani" akairudia.

Waziri hakuwa mjinga. Kati ya kutangaza mnufaika sifuri na kutangaza mmoja, kwa mwanasiasa hapana mjadala. Akamshika Bwana Prine mkono, akamwinua, akawapa wananchi mtaalamu wao wa kwanza aliyedhaminiwa na mkoa, na kuwaomba wampokee. Watu walipiga makofi kwa muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa. Mwandishi akauliza ni mkazi gani atakayetia sahihi kila mwezi, na ukumbi mzima ukamtazama Noreen.

Asmi alifika mwezi uliofuata. Kwa siku nne alimwambia mama yake shikamoo na asante na tafadhali. Siku ya tano alikataa kula, akatupa kijiko, na Pabitra alitoka nje akaegemea ukuta, akacheka mpaka Tek akaja kuuliza kuna nini.

Bwana Prine amepanga nyumba nyuma ya bucha. Kila mwisho wa mwezi huja na fomu yake, husimama kwenye foleni nyuma ya wanunuzi wa soseji, na Noreen humuuliza kwa upole iwapo amelala nje ya mkoa hata siku moja. Bwana Prine ana mke Sydney, ana ufuo, ana mashua, na ni mtu asiyejua kusema uongo bila kamati.

Mpaka sasa ameishi Tallabeen miezi kumi na mmoja. Kwa hesabu ya kanuni, ametimiza wiki mbili.